Kabla hujamuandikia mtu riviu ya darubini, washa tochi uangalie kioo

Meseji inayokuja sana inbox kwangu siku hizi iko hivi: "Kaka shikamoo, nimepata mteja anataka nimuandikie makala za darubini za kuangalia wanyama, jina litakaa lake, hela sio mbaya, ila mi hizo lenzi na kotingi zake sijui chochote, nianzie wapi?" Nimeshajibu mmoja mmoja mpaka nimechoka kwahiyo leo naandika moja kwa wote, na nitachanganya mambo mawili ambayo watu wanayatenganisha, yaani namna ya kuijua kotingi ya lenzi (ule utando mwembamba sana unaopakwa juu ya kioo ili mwanga upite badala ya kudunda), na mpaka wa kuandika kwa jina la mtu mwingine. Kwenye hii kazi yetu hayo mawili hayaachani. Mnunuzi wa darubini haioni kotingi, anachoona ni maneno ya kwenye boksi na maneno yako wewe, na jina la mtu juu yake ndo linamfanya atoe hela.

Kwa wasionijua, mi niko Arusha. Nilianzia kwenye usukani wa Land Cruiser, wageni nyuma, Tarangire, Manyara, Ngorongoro, baadae nikawa naandikia kampuni za utalii vipeperushi na tovuti, saivi karibu kazi yangu yote ni kuandikia watu. Wazee wa porini wenye hadithi zao, wenye maduka ya vifaa, wazungu wapenda ndege wasio na muda. Jina langu halitokei popote na wala halinisumbui, nshalipwa.

Tuanze na hili la kuandikia watu maana kuna wenzetu wanaliona ni utapeli tangu mwanzo. Jamani hapana. Zamani mzee alikuwa anaenda posta, nje pale kuna mtu na meza na taipureta yake, mzee anamwaga shida zake zote kwa mtoto wake alieko Dar, yule wa taipureta anazipanga zinakaa vizuri, barua ikiondoka ni ya mzee. Kwenye taarabu mtunzi anaweza akawa kalala nyumbani kwake wakati muimbaji anatunzwa ukumbini na hakuna anaerudi nyumbani analia kwamba kaibiwa. Hotuba ya waziri kaandika kijana wa ofisini, wote tunajua. Kinachozifanya hizo kazi ziwe safi ni kwamba mwenye jina ndo mwenye jambo, shida ni zake, msimamo ni wake, na kesho ukimkamata njiani ukamuuliza "hili ulimaanisha nini" anakujibu bila kupiga simu kwa mtu. Wewe umetoa mkono tu.

Linapoharibika ni pale jina linapobeba kitu ambacho mwenye jina hana. Mfano ninaoupenda kuutoa ni wa Marekani. Kampuni ya dawa ya Wyeth ilikuwa inauza dawa za homoni kwa wanawake waliofika umri wa kukoma hedhi, na mwaka 2009 nyaraka zilizokuwa mahakamani zikafunguliwa kwa umma, zikaonyesha kwamba Wyeth ilikuwa inailipa kampuni ya uandishi inaitwa DesignWrite iandae makala za kitabibu kuhusu hizo dawa, alafu wanatafutwa madaktari wa vyuo vikuu waweke majina yao juu kama waandishi. Na hapo mwaka 2002 sehemu ya utafiti mkubwa wa Women's Health Initiative ilikuwa imeshasimamishwa kabla ya muda kwasababu wanawake waliopewa mchanganyiko wa estrojeni na projestini walionekana kupata zaidi saratani ya matiti, magonjwa ya moyo na kiharusi. Daktari wa kawaida anasoma jarida, anaona jina la profesa, anaamini profesa amekaa na takwimu akazichambua, anamuandikia mgonjwa dawa. Kumbe rasimu imetoka kwa watu wanaolipwa na mwenye dawa.

Najua darubini haiui mtu. Ila ukiondoa uzito wa madhara, mchezo ni uleule: msomaji anaambiwa kuna mtu mwenye ujuzi kaangalia, na hakuna alieangalia.

Na kotingi ndo sehemu rahisi kuliko zote kwa mwandishi mvivu kujificha. Uzito wa darubini huwezi kudanganya, mtu ataibeba. Ukubwa huwezi, ataiona. Ila ukiandika "lenzi zake zina tando nyingi zinazopitisha mwanga wa hali ya juu" nani atakupinga? Hakuna mtu porini mwenye mashine ya kupima. Ndo maana sentensi hiyo imejaa kila mahali, imekopiwa kutoka kwenye boksi, boksi lenyewe limekopi kutoka boksi lingine.

Kwahiyo jifunze kitu chenyewe, sio kigumu. Kioo kitupu, kila mwanga unapokiingia au kukitoka, kama asilimia 4 hivi inarudi ulikotoka. Inaonekana ndogo, ila ndani ya darubini kuna lenzi za mbele, kuna prizimu (vipande vya kioo vinavyogeuza picha ikae wima), kuna lenzi kadhaa za upande wa jicho, na kila uso unaogusana na hewa unakula chake. Chukua nyuso 10 tu, na nyingi zina zaidi ya hapo. Bila kotingi yoyote unabaki na kama asilimia 66 ya mwanga, yaani theluthi imepotea njiani. Ukipaka utando mmoja wa magnesiamu floraidi kwenye kila uso, hasara ya kila uso inashuka kwenye asilimia 1.5 hivi, na jumla unabaki na 86. Ukiweka tando nyingi zilizopangwa vizuri hasara inakuwa nusu asilimia au chini yake, hapo unafika kama 95. Hizo ni hesabu za nyuso tu sijaweka kinachopotea kwenye kioo chenyewe na kwenye vioo vya ndani, lakini picha umeipata.

Utando unavyofanya kazi ni hivi: unene wake unapimwa uwe robo ya urefu wa wimbi la mwanga ndani ya huo utando, kwa magnesiamu floraidi inakuja kama nanomita 100. Nywele yako ni nene mamia ya mara kuliko hapo. Mwanga unaodunda juu ya utando na ule unaodunda chini yake vinarudi vikiwa vimepishana, kimoja kinapanda kingine kinashuka, vinauana. Utando mmoja unaua vizuri rangi moja, mara nyingi zile za katikati kwenye kijani na njano, ndo maana kinachobaki kudunda kinaonekana cha bluu au zambarau. Ukitaka kuua rangi nyingi unapanga tando kadhaa za vitu tofauti. Aliepata hati miliki ya hii njia ya kupaka utando ndani ya vakyumu, yaani chombo kilichotolewa hewa, ni Alexander Smakula, alikuwa anafanya kazi kampuni ya lenzi ya Zeiss, Ujerumani, mwaka 1935, na Wajerumani wakaificha kama siri ya jeshi. Ukikuta darubini ya zamani ya Zeiss ina herufi T pembeni ya namba zake, inasema hiyo kotingi.

Sasa kitu ambacho riviu nyingi zinakosea, na ukikiandika vizuri utaonekana unajua kuliko wenzako wote: faida kubwa ya kotingi porini sio ung'avu. Jicho lako saa nne asubuhi Serengeti lina mwanga mpaka wa kutupa, asilimia kumi zikipungua hata hujui. Shida ni kwamba mwanga uliodunda haupotei kiungwana, unazunguka ndani ya bomba, unadunda tena kwenye uso mwingine, mwisho unafika jichoni kama ukungu mweupe juu ya picha nzima. Chui yuko kwenye mgunga, jioni, jua limeshuka nyuma yake upande kidogo. Na darubini mbovu unaona mti wa kijivu una kitu kinaning'inia. Na darubini yenye kotingi nzuri unaona madoa, unaona mkia, unaona swala alievutwa juu anavyokaa kwenye panda. Ni chui yuleyule na mwanga uleule, na zote zinaweza kuwa 8x42, yaani zinakuza mara nane na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42. Kwahiyo unapoandika andika ukungu, andika utofauti wa kivuli na mwanga, achana na "inang'aa".

Maneno ya kwenye boksi yana ngazi zake na hapa ndo wajanja wanapopitia. Coated peke yake maana yake kuna uso mmoja au kadhaa una utando mmoja. Fully Coated, nyuso zote za hewa zina angalau utando mmoja. Multi-Coated, kuna uso fulani una tando nyingi, inaweza kuwa ule wa mbele tu unaoonekana dukani. Fully Multi-Coated, hapo wanadai nyuso zote zina tando nyingi, ndo ile FMC. Nasema wanadai kwasababu kuandika herufi tatu kwenye boksi ni bei rahisi kuliko kupaka nyuso zote. Alafu kuna zile lenzi nyekundu kama macho ya nyoka kwenye sinema, zinauzwa sana kwenye maduka ya mjini na watu wanazipenda wanaona za kijeshi, zile zinarudisha mwanga mwekundu nje, picha ndani inabaki imeegemea kijani na bluu. Mi siwezi kumshauri mtu.

Sasa tochi. Zima taa za sebuleni, shika simu, washa tochi yake, ielekeze kwenye lenzi ya mbele huku unaangalia kwa upande kidogo mpaka uone vidoti vya mwanga ndani ya kioo. Kila uso unakupa kidoti chake. Inamisha darubini taratibu vidoti vitatembea, vingine juu vingine chini vingine ndani kabisa. Hesabu rangi. Kidoti cheupe, kikali, kama tochi yenyewe imejitazama kwenye kioo cha dirisha, huo uso hauna kitu. Kidoti cha bluu au zambarau hafifu, mara nyingi ni utando mmoja. Kijani iliyozama, zambarau nzito, kahawia ya mbali, vyote vikiwa vimefifia, hapo kuna tando nyingi. Ukimaliza mbele geuza, fanya hivyohivyo upande wa jicho, maana watengenezaji wa bei chee wanajua mteja anaangalia mbele tu. Nimeshika darubini zenye FMC kubwa ya dhahabu ubavuni, mbele kijani safi, upande wa jicho vidoti vyeupe vinakutolea macho. Alafu isogeze mbali na uso wako, elekeza kwenye mawingu sio kwenye jua, angalia vile viduara viwili vya mwanga kwenye lenzi za jicho, viwe duara kamili, ukiona vimekatwa pembeni kijivu kama vina pembe mara nyingi prizimu ni za kioo cha daraja la chini, BK7 badala ya BaK-4. Na tafuta kitu cheupe, yangeyange wako kila mahali hapa mjini, manyoya yake yabaki meupe, yasiwe ya chai.

Kuna vitu hutaviona kwa tochi. Darubini nyembamba zilizonyooka, zile zenye prizimu za paa, mwanga ndani yake unagawanyika nusu mbili alafu zinaungana tena, na mawimbi ya nusu hizo yanakuwa yamepishana hatua, picha inapoteza ukali. Zeiss walileta kotingi ya kurekebisha hiyo hatua mwaka 1988 na wengine wakafuata. Vilevile prizimu nyingi za aina hiyo zina uso mmoja unaohitaji kupakwa kama kioo cha kujitazamia, anaepaka alumini anapoteza mwanga zaidi, wa fedha anapoteza kidogo, na wa tando za dielektriki, zisizo za chuma, anarudisha zaidi ya asilimia 99. Zile darubini nene za zamani zenye mabega, za porro, hazina hayo matatizo yote mawili, ndo maana porro ya bei ya kati inaweza kuiaibisha ile nyembamba ya bei hiyohiyo. Ila sasa hizo kotingi za ndani wewe na tochi yako ya simu huwezi kuthibitisha.

Na hapo ndo ninapokuja kwenye ushauri wangu wenyewe. Kwenye daftari langu la kazi nachora safu tatu. Ya kwanza kile mwenye jina alichokiona kwa macho yake. Ya pili kile mi nilichokiona, kwa tochi, kwa yangeyange, kwa chochote. Ya tatu kile kiwanda kinasema. Makala inapoandikwa, safu ya kwanza tu ndo inaruhusiwa kuvaa "nimeona" na "nimetumia". Ya tatu inaandikwa wazi "kiwanda kinasema prizimu zina kotingi ya hatua", basi, haina aibu. Safu ya pili ndo yenye mgogoro, maana jicho ni langu na jina sio langu.

Nilivyolitatua hilo nilifundishwa na mzee mmoja muongoza watalii wa Karatu, alistaafu, kampuni moja ya nje ilitaka makala kwa jina lake, mi niandike. Nikaenda kwake na darubini mbili za kampuni kwenye begi. Nikaanza kumhoji kuhusu kotingi nikajiona naongea peke yangu, mzee ananiangalia tu anamenya chungwa. Akaniambia, "Mwanangu, hizo kotingi mi sizijui. Mi najua hii yako nyeusi nikiangalia karibu na jua naona kama kuna moshi, hii ya kijani moshi hamna." Nikamwambia mzee subiri. Tukaingia ndani, mama akafunga pazia akicheka, nikawasha tochi, nikamuonyesha vidoti. Mzee akaikamata ile nyeusi mwenyewe akaigeuza mbele nyuma, mbele nyuma, kimya, alafu akasema, "Huku nyuma hawakupaka." Akaita mjukuu amuonyeshe. Akamuelezea yule mtoto vizuri kuliko nilivyomuelezea yeye.

Tangu pale kanuni yangu ni hiyo: nilichokiona mi hakihamii kwenye jina la mtu mpaka na yeye akione. Nampelekea kitu, au namtumia video, au tunapigiana simu yeye kashika darubini mi namuelekeza wapi pa kumulika. Akishaona akakubali, inakuwa ya kwake, naandika "nimeona" bila wasiwasi, mgeni akimuuliza kesho kwenye gari atajibu. Akikataa kuangalia kwasababu yuko bize, sawa, sentensi hiyo inatoka au inaandikwa bila "mi". Mzee wa Karatu makala yake ilitoka na ule moshi wake, kampuni walitaka niuondoe maana ile darubini nyeusi walikuwa wanaiuza wao, mzee akagoma, wakaitoa hivyohivyo na darubini ya kijani tu ndo ikasifiwa. Sijui kama waliendelea kupendana nae.

Kuna mteja mwingine, mwenye duka la vifaa, huyu simtaji, alinitumia meseji: weka pale kwamba nimeitumia hii modeli miaka kumi Serengeti. Modeli yenyewe ilikuwa imeingia sokoni mwaka ule. Nikamuuliza bosi, hiyo miaka kumi umeitumia wapi, tumboni? Akasema ndo mambo ya marketing hayo. Nikamrudishia advansi. Sikuwa shujaa, nilikuwa nimeshapiga picha kichwani mgeni mmoja mzee wa ndege, wale wanaojua kila kitu, anasoma akaangalia mwaka wa modeli. Wapenda ndege ni watu wabaya sana kwenye vitu hivyo, watakusaka mpaka skrubu.

Na saivi sio aibu tu, ni sheria pia, hasa kama wateja wako wako nje, na wengi wetu wateja wako nje. Marekani tume yao ya biashara FTC ilitoa kanuni ambayo imeanza kufanya kazi Oktoba 2024, inakataza riviu za uongo, ikiwemo ya mtu asiekuwepo na ya mtu ambae hajawahi kuitumia bidhaa, na faini kwa kila kosa inaweza kupita dola 50,000. Uingereza nao wameziweka riviu feki kwenye orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku, kuanzia Aprili 2025. Angalia vizuri, hazikatazi mtu kuandikiwa. Zinakataza uzoefu usiokuwepo. Kwahiyo ule mpaka niliousema wa nani kaona nini, wenzetu wameshauweka kwenye karatasi. Na mteja wako akikamatwa sidhani kama atakulinda, atasema mwandishi ndo aliweka.

Wale wa Nairobi na hata hapa kwetu mnaofanya zile kazi za kuandikia wanafunzi wa Ulaya insha na tasnifu, najua maisha, najua kodi ya nyumba, siwahubirii. Ila msizichanganye na hii. England wamepiga marufuku kutoa hiyo huduma kwa wanafunzi wao tangu 2022, na sababu ni ileile, cheti kinasema mtu anajua na hajui. Insha haina safu ya kwanza kabisa, yote ni safu ya pili. Kama unatafuta njia ya kutoka kule, makala za vifaa kama hivi ni njia nzuri, hela inakuja taratibu ila inakuja.

Mambo ya makubaliano, weka kwenye maandishi hata kama ni meseji tu ya WhatsApp. Mi huwa naandika kwamba mwenye jina atasoma rasimu yote na atanijibu kwa maneno yake kwamba kila kilichoandikwa "nimeona" kakiona. Thumb peke yake siikubali. Kwamba darubini kama imetolewa bure na muuzaji au imeazimwa, itasemwa ndani ya makala, sio chini kabisa kwa herufi za mchwa. Kwamba nikigundua kitu kwa tochi kinachopingana na boksi, ama kinaandikwa ama sifa hiyo inatolewa, hakuna cha tatu. Na kwamba siri ya nani kaandika naitunza mimi, ila sitadanganya nikiulizwa mahakamani. Hiyo ya mwisho wateja huwa wanacheka. Hela nusu mwanzo, nusu rasimu ikikubaliwa, na gharama ya kutumiwa darubini ni ya mteja. Akisema hawezi kutuma, muombe video ya tochi, dakika mbili, mbele na nyuma. Anaekataa na video huyo hana darubini, ana picha za kwenye intaneti.

Na tafadhali msiandike "haikwaruziki". Kuna tando ngumu za nje kweli, na kuna zile za kufukuza maji na mafuta ambazo Leica, Zeiss na Swarovski kila mmoja ana jina lake, zinasaidia sana, tone la mvua linateleza na alama ya kidole inatoka kirahisi. Ila vumbi la Tarangire lina mchanga ndani, ukilisugua na tisheti juu ya utando wa nanomita mia umepiga msasa. Puliza kwanza, na kipuliza cha mpira sio mdomo, pitisha brashi laini, alafu ndo kitambaa cha lenzi na tone la dawa yake, kwenye kitambaa sio kwenye kioo. Watu wa Tanga, Mombasa na Zanzibar adui yenu mkubwa ni fangasi wa unyevu, wanakaa juu ya lenzi wanakula kotingi, msizifungie kwenye kifuko cha ngozi mwaka mzima, wekeni na zile paketi za silika na mzitoe zipate mwanga na hewa. Nyaraka za matangazo haziongelei fangasi hata siku moja, wewe ongelea, msomaji wa pwani atakupenda.

Wa mwisho ni nyie mnaoipa programu ya AI iandike alafu mnaipeleka kama ilivyo. Sina ugomvi na programu, hata mi inanisaidia kunyoosha Kiingereza. Tatizo ukiiambia iandike riviu kwa sauti ya muongoza watalii, itakuandikia kwamba imesimama ukingoni mwa kreta alfajiri na darubini mkononi. Futa hiyo sentensi kabla mteja hajaipenda.

Mwisho kabisa mmoja aliniomba mfano, nimpe. Hii ilikuja kwenye rasimu ya dogo mmoja ninaemsimamia: "Kwa uzoefu wangu wa miaka mingi, lenzi zake zenye tando nyingi zinakupa mwanga usio na kifani katika mazingira yote." Tukapiga simu kwa mwenye jina, tukamuweka na tochi, tukamwambia aende na darubini kwenye maziwa ya Momella jioni. Ikatoka hivi: "Kiwanda kinasema nyuso zote zina tando nyingi. Nimemulika, mbele kijani, nyuma kijani, ila kuna kidoti kimoja cheupe ndani karibu na prizimu upande wa kushoto. Momella jioni nikiangalia heroe na jua liko upande, ukungu upo kidogo chini ya picha, nikikinga lenzi na kiganja unaondoka. Kwa bei hii nimeridhika." Mteja akauliza hicho kidoti cheupe lazima kiwepo? Dogo akanipigia. Nikamwambia muulize mwenye jina, sio mimi.